Usilaumu Mpira: Tazama Shingo ya Maji ya Injini

Wakulima wengi wa skimu, tangu Kinangop na Ol Kalou mpaka Lugari, hupeleka maziwa, viazi na kabichi sokoni kwa gari lililokwisha tumika miaka mingi. Pengine ni Land Rover ya zamani, pengine ni pikapu ya Peugeot 504 au Toyota iliyonunuliwa kwa mkono wa tatu au wa nne. Gari kama hilo si la fahari. Ni chombo cha kazi kama jembe na mkokoteni. Likilala nyumbani siku moja, maziwa ya asubuhi hayafiki penye kupokelewa, na maziwa hayamngoji mtu.

Katika makala hii twataka kukueleza ugonjwa mmoja wa magari hayo ambao huanza kwa tone moja la maji na kuishia kwa injini kuungua. Ugonjwa wenyewe ni kulika kwa shingo ya maji. Dawa yake si ghali, na mkulima mwenye spana chache na subira anaweza kuitia mwenyewe. Lakini ni lazima aujue ugonjwa kwanza, kwa sababu watu wengi huona maji yakidondoka, wakaulaumu mpira bure, na kumbe mpira hauna hatia.

SHINGO YA MAJI NI KITU GANI

Fungua boneti gari likiwa limepoa. Tazama mpira mnene utokao juu ya radieta kwenda kwenye injini. Kwa magari mengi ya zamani, pale unapoishia upande wa injini ndipo penye shingo ya maji. Ni bomba fupi lililopindwa kama kiwiko, nalo hufungwa kwa bolti mbili au tatu. Mara nyingi ni la aluminiamu, hata kama injini yenyewe ni ya chuma. Mpira huvikwa juu ya bomba hilo na kukazwa kwa klipu.

Chini ya shingo hukaa themostati. Hiyo ni kama mlango mdogo. Maji yakiwa baridi hujifunga ili injini ipate moto upesi. Yakishapata moto hujifungua ili maji yaende kwenye radieta kupozwa. Katika magari mengine themostati imewekwa upande wa mpira wa chini, basi usishangae usipoikuta juu.

Katika Land Rover za injini ya petroli ya lita 2.25, zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1958, shingo imekaa juu ya nyumba ya themostati ya aluminiamu, na bolti tatu ndefu hupita ndani yake mpaka kwenye kichwa cha injini. Kuna pia mpira mfupi unaoshuka kutoka hapo mpaka pampu ya maji. Ikiwa gari lako ni hilo, soma kwa makini zaidi habari za bolti hapa chini, maana bolti hizo ndefu hupenda kushikwa na kutu na kukatika.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KATIKA NCHI YA JUU

Huenda ukasema, “Tone la maji ni kitu gani? Nitaongeza maji kila asubuhi.” Sikiliza kwanza.

Huko Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka yanapofika nyuzi 100 za Sentigredi. Kadiri upandavyo mlima, ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Kila mita 300 hupunguza nyuzi moja hivi. Kwenye kimo cha mita 2,400, kama sehemu za Ol Kalou na Kinangop, maji huchemka kwenye nyuzi 92 tu. Themostati nyingi huanza kufunguka baina ya nyuzi 74 na 88. Waona basi kwamba nafasi iliyobaki kati ya joto la kawaida la injini na maji kuchemka ni ndogo sana.

Kinachookoa injini ni kifuniko cha radieta. Kifuniko hicho hufunga maji kwa nguvu, na maji yaliyofungwa kwa nguvu hayachemki upesi. Tazama namba iliyopigwa juu yake. Ikiwa ni 9, maana yake ni ratili 9 kwa kila inchi ya mraba. Kila ratili huongeza karibu nyuzi moja na nusu. Kwa hiyo kifuniko cha ratili 9 huongeza nyuzi 13 hivi, na maji yaliyokuwa yachemke kwenye nyuzi 92 sasa hungoja mpaka nyuzi 105.

Lakini nguvu hiyo haikai mahali penye tundu. Shingo ikivuja, maji hupungua na nguvu nayo hutoka. Gari lililopanda kilima na mzigo wa viazi jana bila shida, leo litachemka kwenye kilima kile kile. Maji yakichemka, kichwa cha injini hupata moto kupita kiasi. Kichwa cha aluminiamu hujipinda. Cha chuma huweza kupasuka. Na gasketi ya kichwa huungua. Hapo hutanunua tena shingo na gasketi ya karatasi. Utalipa fundi wa kufungua injini, utalipa mashine ya kusawazisha kichwa, na huenda ukauza ng’ombe wa maziwa ili ulipe. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

NI NINI KINACHOKULA SHINGO

Chuma kikipata maji hutoa kutu nyekundu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe kama chokaa. Ukiuona unga huo kwenye ukingo wa mpira, jua kwamba shingo inaliwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndani ya injini kuna madini mbalimbali yanayoguswa na maji yale yale: chuma cha injini, aluminiamu ya shingo, na shaba ya radieta za zamani. Hapo hutokea jambo kama la betri ya tochi. Betri za kawaida za tochi zina gamba la zinki, na gamba hilo huliwa kidogo kidogo betri inapofanya kazi, mpaka mwisho likatoboka na kuvuja. Vivyo hivyo katika injini, madini yaliyo dhaifu huliwa na yenye nguvu hubaki. Aluminiamu ndiyo dhaifu.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Maji yenye chumvi na madini huzidisha ulaji huo. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina maji ya namna hiyo. Kuna njia rahisi ya kuyajua. Itazame sufuria unayochemshia chai. Ikiwa imeshika utando mweupe mgumu, basi maji hayo hayafai radieta, kwa maana utando huo huo utashika ndani ya injini na kuziba njia za maji.

Sababu ya tatu ni mahali penyewe. Baina ya mpira na shingo maji kidogo hupenya na kukaa bila kwenda. Huko ndani shingo huliwa kwa siri. Unga mweupe hujaa, hunyanyua mpira, na maji hupata njia ya kutoka. Wewe waona klipu, wakaza klipu. Kesho yavuja tena, wakaza tena. Mwisho klipu inakata mpira, au shingo iliyokwisha kuwa nyembamba inavunjika.

DALILI ZA KUTAZAMA

Fanya ukaguzi asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kwanza, tazama kama maji yamepungua ndani ya radieta. Pili, pitisha kidole chini ya mpira penye klipu. Kikirudi na maji, pana mvujo. Tatu, tafuta unga mweupe, au alama kavu ya rangi ya kijani au nyekundu ikiwa watumia dawa ya radieta. Nne, minya mpira karibu na shingo. Ukisikia kitu kikisagika ndani kama mchanga, ni unga wa aluminiamu. Tano, nusa: dawa ya radieta iliyomwagika juu ya injini ya moto hutoa harufu tamu.

Ukiona dalili mbili katika hizo, usingoje. Chagua siku ambayo gari halina safari, ufanye kazi.

VITU VYA KUTAYARISHA

Kabla ya kuanza, hakikisha vitu hivi viko karibu nawe: spana na soketi zinazoingia sawasawa, bisibisi, kisu kikali, nyundo ndogo, brashi ya waya, msasa laini, kipande cha kioo cha dirisha, karai safi, vitambaa, mafuta ya kulegeza kutu, grisi, karatasi ya gasketi, mpira mpya na klipu mpya. Ukiweza, nunua pia themostati mpya, kwa kuwa utakuwa umekwisha kufungua mahali pake.

Kumbuka kwamba Land Rover za zamani zina bolti za vipimo vya inchi, bali Peugeot na Toyota zina za milimita. Spana inayokaribia kuingia si spana inayoingia. Itakula kichwa cha bolti, na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

JIONI: TIA MAFUTA NA UNGOJE

Kazi hii huanza jioni. Gari likiwa limeegeshwa mahali pa tambarare na magurudumu yamewekewa mawe, pakaa mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti ya shingo. Gonga kichwa cha bolti polepole kwa nyundo ndogo, mara kumi au kumi na tano, ili mafuta yapenye. Kisha uende ukalale. Mafuta yatafanya kazi usiku kucha bila ujira.

ASUBUHI: MWAGA MAJI

Usifungue kamwe kifuniko cha radieta ya moto. Maji yaliyofungwa kwa nguvu yatakurukia usoni na kukuchoma vibaya. Ngoja mpaka uweze kuweka mkono juu ya radieta bila kuuondoa. Hapo weka kitambaa juu ya kifuniko, kizungushe kidogo, ungoje, kisha kitoe.

Ondoa waya mmoja wa betri. Gari lenye feni ya umeme huweza kuzungusha feni hata injini ikiwa imezimwa, na feni haina huruma na vidole.

Fungua koki ya chini ya radieta na kumwaga maji ndani ya karai mpaka yashuke chini ya shingo. Ikiwa maji yana dawa, jihadhari sana. Dawa nyingi za radieta ni sumu, nayo ina ladha tamu. Mbwa, paka na ndama huipenda, nayo huwaua. Mtoto naye aweza kuinywa. Usiimwage uani wala mtaroni, usiiache ndani ya karai, na usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Mnyama akiionja, mwite daktari wa mifugo mara moja. Mtu akiionja, mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama anasema hajisikii vibaya.

KUTOA MPIRA

Mpira wa zamani hushikamana na shingo. Wengi huingiza bisibisi na kuuinua kwa nguvu, na papo hapo shingo iliyolika hukatika. Usifanye hivyo. Kwa kuwa unao mpira mpya, upasue wa zamani kwa kisu, kwa urefu wake, kisha uufunue kama unavyomenya ndizi. Jihadhari kisu kisikwaruze shingo.

JE, SHINGO ITENGENEZWE AU ITUPWE?

Sasa utaona ukweli wote. Sugua unga mweupe kwa brashi ya waya mpaka madini safi yaonekane. Kisha chukua ncha ya bisibisi na kuisukuma penye mashimo. Ikiwa ncha inazama, au kipande kinamomonyoka, au shimo moja limepita mpaka ndani, shingo hiyo imekufa. Usiitibu. Tafuta mpya, au ya gari lililovunjwa ambayo haijaliwa. Ukinunua iliyotumika, ipime kwa ncha ile ile ya bisibisi kabla ya kutoa pesa.

Ikiwa mashimo ni ya juu juu tu na shingo bado ni nene, yaweza kuponywa. Isafishe kwa msasa, iondoe mafuta yote, na kuikausha. Kisha jaza mashimo kwa gundi ya vyuma ile ya kuchanganya sehemu mbili. Soma maandishi ya pakiti: ni lazima iwe gundi inayovumilia joto la nyuzi 120 au zaidi. Iache ikauke saa 24, kisha isugue kwa msasa mpaka shingo iwe mviringo na laini. Mpira hauzibi juu ya mabonde na vilima.

Kama shingo ya gari lako haipatikani, mafundi wa jua kali huweza kuchomelea bomba la chuma juu ya bamba la chuma lenye matundu ya bolti. Kazi hiyo yafaa, maadamu bamba liwe nene lisilojipinda, bomba liwe na kipimo sawa na mpira, na mwisho wa bomba uwe na ukingo kidogo wa kuzuia mpira usichomoke. Kabla ya kulipa, mwambie fundi azibe upande mmoja na kutia maji, nawe utazame kama mahali palipochomelewa panavuja.

BOLTI: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Wengi wanaoharibu kazi hii huiharibu kwenye bolti. Bolti ya chuma ikikaa miaka mingi ndani ya aluminiamu, unga mweupe huijaa pande zote na kuishika. Ukiivuta kwa nguvu hukatika, na nusu yake kubaki ndani ya injini.

Basi fanya hivi. Tia mafuta tena. Ikaze kwanza kidogo sana, unywele mmoja tu, ili unga upasuke. Kisha ilegeze kidogo. Ikikataa, irudishe, tia mafuta, na kuilegeza tena. Nenda mbele na nyuma kama mtu anayetoa mti wa ua ardhini. Hautoki kwa kuvutwa, hutoka kwa kutikiswa. Usivike bomba refu kwenye spana ili upate nguvu. Bomba refu huficha onyo ambalo mkono wako ungelisikia.

Kama bolti haitoki kabisa, acha hapo umwite fundi mwenye moto wa kuipasha. Usipashe moto wewe mwenyewe kwa mienge ya karatasi au mafuta ya taa, maana mabomba ya petroli yako karibu.

Ikiwa bolti imekatika na kisiki kimebaki kimechomoza, usikipige patasi. Toa shingo, tia mafuta, ukishike kwa koleo la kubana, ukizungushe kwa subira. Kama kimekatikia ndani, fundi mzuri aweza kuchomelea nati juu yake na kukitoa, au kutoboa katikati na kukata meno mapya. Kumlipa fundi kwa kazi hiyo ni nafuu kuliko kununua kichwa cha injini.

KURUDISHA SHINGO

Ingiza kitambaa safi ndani ya tundu ili takataka zisianguke. Kwangua gasketi ya zamani yote bila kuchimba aluminiamu. Weka msasa juu ya kioo cha dirisha na kuisugua shingo juu yake kwa kuizungusha polepole. Sehemu zinazong’aa ndizo zilizo juu. Zisizong’aa ni mabonde. Sugua mpaka uso wote ung’ae sawa.

Ijaribu themostati. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, uchemshe maji. Yafaa ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa juu yake. Lakini kumbuka habari ya kimo: ikiwa namba ni 88, na maji ya kwenu huchemka kwenye nyuzi 92, itafunguka kidogo tu. Usiitupe kwa kosa hilo. Itupe ikiwa haifunguki kabisa, au ikiwa imebaki wazi maji yakiwa baridi. Wala usifuate shauri la wale wasemao, “Iondoe tu, nchi yetu ni ya moto.” Injini isiyo na themostati hukaa baridi mno, hula petroli zaidi na kuchakaa upesi.

Kama huna gasketi ya dukani, weka karatasi ya gasketi juu ya shingo na kugonga kandokando kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ikatike kwa umbo lake. Ipake grisi kidogo pande zote mbili.

Rudisha themostati, upande wa springi ukielekea ndani ya injini. Kama ina kitundu kidogo, kiwe upande wa juu ili hewa itoke. Safisha bolti kwa brashi ya waya, zipake grisi, na kuziingiza kwa vidole kwanza. Kaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka zishike sawa. Aluminiamu si chuma; ukikaza kwa hasira utaipasua.

Vika mpira mpya mpaka upite ukingo wa shingo, na klipu ikae nyuma ya ukingo, si juu yake wala kwenye ncha kabisa. Wenye Land Rover, badilisheni na ule mpira mfupi wa pampu, kwa kuwa umri wake ni ule ule.

MAJI NA DAWA

Umeponya kidonda, sasa ondoa kilicholeta kidonda. Watu husema dawa ya radieta, ile mafundi waiitayo kulanti, ni ya nchi za theluji tu. Si kweli. Ni kweli kwamba huzuia maji yasigande, lakini pia huyafanya yachemke kwenye joto la juu zaidi, na ndani yake mna dawa ya kuzuia madini yasiliwe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayolinda shingo yako.

Fikiri juu ya dawa ya josho. Ukiizidisha maji ili uiokoe, kupe hawafi, na pesa yako imepotea. Dawa ya radieta ni vivyo hivyo. Nyingi huchanganywa nusu dawa na nusu maji, lakini soma chombo, maana nyingine zimekwisha kuchanganywa kiwandani. Usichanganye aina mbili usizozijua. Tena, kama dawa ya josho, nguvu yake huisha. Nyingi za zile za kijani za aina ya zamani zafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi bado ni nzuri.

Maji ya kuchanganya yawe ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, au yale yaliyosafishwa ya kutia betri. Acha mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kukinga. Usitumie maji ya betri yenye asidi. Hayo ni mengine kabisa.

Jaza polepole ili hewa ipate kutoka. Rudisha waya wa betri, washa injini kifuniko kikiwa wazi, fungua hita kama ipo, na kuongeza maji yanaposhuka. Mpira wa juu ukipata moto, jua themostati imefunguka. Zima, ngoja ipoe, jaza tena, funga. Kesho yake asubuhi tazama kipimo cha maji, na kukaza klipu kidogo, maana mpira mpya hukaa mahali pake baada ya kupata moto.

IKIKUTOKEA NJIANI

Mshale wa joto ukipanda, simama. Zima injini. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto wala ndani yake. Chuma cha moto kikipata baridi ghafula hupasuka. Ngoja mpaka ipoe. Kama mvujo uko kwenye ncha ya shingo, na kuna sehemu nzima nyuma yake, kata ncha ya mpira uliolegea, uusukume ndani zaidi na kuhamisha klipu. Tia maji uliyobeba, shusha mzigo ukiweza, na kwenda nyumbani polepole ukisimama kila kilometa chache kutazama. Kwa sababu hiyo, mwenye gari la zamani asitoke bila mtungi wa maji safi na bisibisi.

Mwisho twakushauri jambo moja. Ile karatasi unayoandikia siku za josho na siku za kuchanja ng’ombe, mwandikie na gari mstari wake: siku uliyobadilisha dawa ya radieta, na siku inayofuata ya kubadilisha. Na kila Jumamosi, unapoosha madebe ya maziwa, fungua boneti upitishe kidole chini ya ule mpira. Kikirudi kikavu, gari lako laweza kwenda sokoni. Kikirudi na maji, sasa wajua la kufanya.